Kabla ya Kuinama Mlangoni: Mwongozo wa Kutembelea Mapango ya Amboni

Mgeni anayefika Amboni kwa mara ya kwanza huwa na swali moja mdomoni kabla hata hajalipa kiingilio: ni kweli pango linatokea Mombasa? Wenyeji wa Tanga wamelisikia jambo hilo tangu utotoni. Wapo wanaolifikisha Mombasa, wapo wanaolipeleka mpaka Kilimanjaro, na kisa cha Wazungu wawili walioingia na mbwa wao wakapotea, kisha mbwa peke yake akaja kuibukia upande wa Moshi, kinasimuliwa kila siku na kila msimuliaji hukiongezea chumvi yake. Timu ya Wajerumani na Waturuki iliyoyapima mapango hayo mwaka 1994 ilihesabu mapango kumi. Lililo refu kuliko yote lilikuwa na meta 900.

Heri kuijua hesabu hiyo kabla ya kufunga safari. Anayekwenda akitegemea matembezi ya chini kwa chini ya kutwa nzima atatoka baada ya saa moja hivi, tena kwa kinyongo. Kati ya mapango yote ni moja tu linalotumika kutembezea wageni, na ndani yake kuna vyumba ambavyo dari lake hufika meta 13 juu, na kuna vichochoro ambavyo mtu mzima hupita kwa kutambaa. Amboni si pango la kumshangaza mtu kwa ukubwa. Raha yake humjia anayetembea polepole na kujua anachokiangalia.

Kwanza njia. Mapango yako kilometa 8 hivi kaskazini mwa jiji la Tanga, kando ya barabara iendayo Horohoro na Mombasa. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya basi ya kilometa 350 hivi kupitia Chalinze, Segera na Muheza, kwa hiyo anayetaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo anajitesa bure. Alale Tanga. Asubuhi ana njia mbili. Ya rahisi ni daladala ya kwenda Amboni: anashuka kwenye njia panda ya mapangoni, kisha anatembea kama kilometa mbili na nusu mpaka kijiji cha Kiomoni. Ya pili ni bajaji au bodaboda moja kwa moja kutoka mjini. Anayechagua bajaji na apatane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi palepale anapopandia, na sehemu ya fedha aibakize mfukoni mpaka arudi, kwa sababu si kila saa utapata usafiri ukiwa Kiomoni.

Eneo hili lilitengwa kwa ajili ya hifadhi mwaka 1922 na kampuni ya mkonge ya Amboni, enzi ambazo mkonge ndio uliokuwa ukiilisha Tanga. Mwaka 1963 likakabidhiwa Idara ya Mambo ya Kale, na siku hizi lipo chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Kwa mgeni jambo la kushika hapa ni dogo: viingilio hutofautiana kati ya raia na mgeni kutoka nje, basi Mtanzania abebe kitambulisho chake cha taifa, na awe na salio kwenye simu pamoja na fedha taslimu kidogo, maana mtandao nao una siku zake.

Majira yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, huugeuza udongo wa sakafu kuwa utelezi, na mito miwili inayopita eneo hili, Mkulumuzi na Zigi, hujaa. Vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ni mvua nyepesi zaidi lakini nayo inalowesha. Miezi ya Juni mpaka Septemba ndiyo yenye nafuu: hewa imepoa, njia ni kavu, na matone ndani ya pango bado yanadondoka. Januari na Februari panapitika vizuri, ila jua la Tanga wakati wa kaskazi si la kuchezea, na mtu akifika saa sita mchana ataingia pangoni akiwa tayari amechoka. Fika saa tatu asubuhi.

Sasa mavazi, na hapa ushauri wa vitabu vya Ulaya utupwe mbali. Vitabu hivyo humwambia msomaji abebe sweta, na kwa Ulaya ni sawa, kwa sababu joto la ndani ya pango hufuata wastani wa joto la mwaka mzima la mahali lilipo. Pango la Postojna nchini Slovenia lina nyuzi 10 hivi za Selsiasi, kiangazi na kipupwe. Wastani wa Tanga ni kama nyuzi 26. Anayeingia Amboni na sweta atatoka ameloa jasho, maana hewa ya ndani ina unyevu mwingi na upepo ni haba. Vaa fulana ya pamba na suruali ambayo huoni shida kuichafua. Baibui, kanzu na gauni refu havikatazwi, lakini mtu atainama, atachuchumaa na pengine atatambaa, kwa hiyo avae suruali ndani na awe na kitu cha kufungia pindo. Miguuni, raba zenye soli ya mikunjo. Ndala zimewaangusha watu wengi mahali penye mwamba uliolowa, na viatu vya ngozi vya kwendea ofisini ni vibaya zaidi ya ndala.

Mwongozaji ana tochi yake. Wewe beba yako. Kikundi cha watu wanane kinachotegemea tochi moja huona mgongo wa aliye mbele na si kitu kingine, na taa ya simu huangaza hatua mbili tatu kisha inamaliza chaji ambayo mtu alitaka kupigia picha. Tochi ya kuvaa kichwani ni bora kupita zote kwa sababu huiacha mikono yote miwili huru, na mikono itahitajika. Maji ya kunywa yabaki nje au ndani ya mkoba mdogo wa mgongoni. Chakula kisiingie kabisa: makombo hualika panya na mende mahali ambapo hawakuwepo. Na nenda msalani kabla.

Mwenye pumu, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, mjamzito na mwenye hofu ya sehemu finyu waseme mapema, kabla ya kuingia, siyo katikati ya kichochoro. Mwongozaji anaweza kuwapitisha kwenye vyumba vikubwa tu na kuwarudisha. Hakuna aibu. Watoto wa shule za Tanga huingia kwa makundi na hutoka wakiwa na furaha, ila mtoto mdogo wa kubebwa ni mzigo kwa mzazi na hatari kwa kichwa chake mwenyewe, kwani dari hushuka ghafla.

Haya ndiyo ya maandalizi. Linalobaki ni kutazama, na ndilo wengi hawafundishwi.

Mwongozaji wa Amboni ana orodha yake ya maumbo na atayamulika moja moja: hapa mamba, hapa tembo, hapa ramani ya Afrika, hapa meli, kule Bikira Maria, na pale sanamu ya Uhuru ya New York. Ni mchezo mzuri na wageni hucheka. Tatizo ni kwamba ziara nyingi huishia hapo, mtu akatoka amehesabu maumbo kumi na mawili bila kujua hata moja limetokeaje. Muulize. Waongozaji wengi wanajua mengi kuliko wanavyosema. Wamezoea tu kwamba wageni hawaulizi.

Ukweli wenyewe ni huu. Mwamba wa Amboni ni jiwe la chokaa lililojengeka chini ya bahari katika zama za Jurasi, yapata miaka milioni 150 iliyopita, kutokana na magamba na mifupa ya viumbe wa baharini iliyorundikana sakafuni na kushindiliwa. Ni zama zilezile za dinosaria wa Tendaguru kule Lindi, ambao Wajerumani waliwafukua kati ya 1909 na 1913 na mifupa yao ikapelekwa Berlin. Tofauti ni kwamba Tendaguru ilihifadhi wanyama wakubwa wa nchi kavu, na Amboni ikahifadhi bahari. Bahari ilipojitoa, mvua ikaanza kazi. Tone la mvua hubeba hewa ya ukaa kutoka angani, na huiokota nyingi zaidi linapopenya kwenye udongo wenye mizizi na majani yaliyooza. Maji na hewa hiyo hufanya tindikali hafifu, dhaifu kiasi cha kunywewa, lakini jiwe la chokaa haliwezi kuivumilia kwa miaka elfu nyingi. Ufa ukawa mfereji, mfereji ukawa ukumbi.

Halafu maji yaleyale yakageuka kutoka mbomozi kuwa mjenzi. Tone lenye chokaa iliyoyeyuka linapofika kwenye dari la pango hupoteza hewa ya ukaa, na chokaa hubaki nyuma kama utando mwembamba usioonekana kwa macho. Utando juu ya utando huzaa stalaktiti, ile inayoning'inia. Tone likianguka, huacha mabaki mengine sakafuni, na hapo huota stalagmiti kwenda juu. Zikikutana huwa nguzo. Mwendo wake ni wa kukatisha tamaa: kwa kawaida ni sehemu ya kumi ya milimita kwa mwaka, pengine pungufu. Stalaktiti yenye urefu wa kidole cha mkono huweza kuwa ilianza kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Ukijua hayo, mambo matatu hujitokeza wenyewe tochi inapopita. La kwanza, tofauti kati ya jiwe lililo hai na lililokufa: linalong'aa na kulowa bado linakua, lililo kavu, lenye vumbi na rangi ya majivu, limekatiwa maji na limesimama. La pili, kuta zenye mikunjo laini na dari lenye mashimo ya duara, ambayo wageni wengi hudhani yamechongwa na watu. Ni kazi ya maji, enzi ambapo vichochoro hivi vilijaa maji hadi juu. La tatu ni rangi: weupe ni chokaa safi, na wekundu au udhurungi ni kutu ya chuma iliyoshuka na maji kutoka kwenye udongo wa juu. Picha nazo hutoka vizuri zaidi mtu akizima taa ya kamera na kumwomba mwenzake amulike kutoka ubavuni. Taa ya mbele huufanya mwamba uonekane bapa kama ukuta uliopigwa lipu.

Omba pia tochi zote zizimwe kwa dakika moja. Siyo mbwembwe. Giza la pangoni halina hata mwanga wa nyota, jicho halilizoei hata likipewa saa nzima, na hapo ndipo mtu husikia matone yanapodondokea na kugundua kwamba pango lina maji mahali pengi kuliko alivyoona.

Kutogusa ni sharti linalorudiwa kila mahali na kuvunjwa kila mahali, labda kwa kuwa sababu yake haielezwi. Kiganja kina mafuta. Mafuta yakishika kwenye jiwe linalokua, maji huteleza badala ya kuacha chokaa, na ukuaji husimama kwenye alama ya vidole. Jiwe huwa jeusi na kung'aa kama kishikio cha mlango wa zamani. Pale unapolazimika kujishikiza ili usianguke, shika mahali ambapo wengine wote wameshika. Ni uharibifu, ndiyo, lakini ni wa mahali pamoja. Wanaochora majina yao ukutani hawahitaji kuelezwa chochote, wanajua.

Hata pumzi ina gharama. Pango la Lascaux nchini Ufaransa, lenye michoro ya kale ya wanyama, lilifungwa kwa umma mwaka 1963 baada ya pumzi na joto la wageni, pamoja na taa, kuotesha mwani wa kijani juu ya michoro iliyodumu miaka elfu kadhaa. Amboni haina michoro ya aina hiyo, na idadi ya wageni wake si ya Lascaux, ila ni hoja nzuri dhidi ya kundi la watu hamsini kuingia kwa pamoja na spika ya muziki.

Kuna wenyeji wengine humo ndani ambao hawajazoea kelele: popo. Ni wengi, na jioni hutoka kwa makundi makubwa kwenda kula. Waangalie kwa mbali, usiwamulike usoni kwa muda mrefu, na usimguse popo yeyote, aliye hai au mfu. Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliotembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon nchini Kenya waliugua homa ya Marburg na kufa. Lile ni pango la mwamba wa volkano na siyo la chokaa, lakini virusi hivyo hutunzwa na popo, haidhuru wamelala kwenye mwamba gani. Kinyesi chao kikikauka na kutifuka huweza pia kubeba vijimea vinavyodhuru mapafu. Mwenye kifua dhaifu avae barakoa. Mwenye kichwa kizima afunge mdomo anapotazama juu. Wote wanawe mikono wakitoka, kabla ya kugusa maandazi.

Kisha kuna mizimu. Kimoja cha vyumba vya pango hili ni kwa Mzimu wa Mabavu, ambapo watu kutoka Tanga na mbali zaidi huja kuomba: uzazi, afya, kuondolewa mikosi. Utaona chupa za marashi, vitambaa, sarafu na vyakula vilivyoachwa. Mgeni anaweza kuamini au asiamini. Hilo ni lake. Lakini vile vitu vina wenyewe. Usivishike, usivihamishe ili picha ikae vizuri, na ukikuta mtu yuko kwenye maombi yake, pita kimya au subiri. Kumpiga picha bila idhini ni utovu wa adabu uleule wa kumpiga picha mtu anayesali msikitini au kanisani. Ukitaka kujua zaidi, muulize mwongozaji mkiwa nje.

Na mkiwa nje, muulize habari za Osale Otango. Katika miaka ya 1950 jina hilo liliitikisa Tanga. Yeye na mwenzake Paulo Hamisi waliwindwa na polisi wa kikoloni, na inasemwa mapango haya yalikuwa maficho yao. Kwa serikali walikuwa majambazi. Kwa wengi katika vijiji walikuwa watu waliowapora walowezi na kuwagawia wanyonge. Kila mzee ana toleo lake, na ni burudani kusikiliza matoleo mawili kutoka kwa watu wawili siku moja.

Sakafu nayo iheshimiwe. Katika pango la chokaa la Panga ya Saidi, Kilifi, wanaakiolojia walifukua kaburi la mtoto wa miaka mitatu hivi aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, na taarifa yake ilipotangazwa mwaka 2021 ikawa ndiyo maziko ya kale kuliko yote yaliyothibitishwa barani Afrika. Mifupa ile ilikuwa laini kama vumbi. Mtu mmoja mwenye jembe na tamaa ya hazina angeifuta kwa dakika tano. Kwa hiyo kigae, kipande cha mfupa au kijiwe kizuri kibaki kilipo. Anayetamani sana kuwa na jiwe la chokaa la Tanga nyumbani pengine tayari analo: kiwanda cha saruji cha Pongwe, nje kidogo ya jiji, husaga mwamba wa jamii hiyohiyo.

Baada ya pango siku haijaisha. Karibu na hapo ziko chemchemi za maji moto za Galanos, zilizopewa jina la mkulima wa mkonge wa Kigiriki, na harufu ya salfa itakuonyesha njia kabla ya kibao. Mwenye siku nzima ateremke kusini kwa barabara ya Pangani hadi magofu ya Tongoni, penye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa matumbawe, ambayo nayo ni jiwe la chokaa, ila changa.

Na aliyenogewa na mapango anaweza kuvuka mpaka. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni mwendo mfupi wa gari, na upande wa pili, Kwale, kuna mapango ya matumbawe ya Shimoni, ambamo inasimuliwa watumwa walifungiwa wakisubiri majahazi. Huko ni pango la historia zaidi ya jiolojia, liko hatua chache kutoka baharini, na nguo za kutambaa hazihitajiki. Linalohitajika ni pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na shilingi za Kenya zilizobadilishwa mapema. Anza safari asubuhi, kwa sababu njia ya kutoka barabara kuu kwenda Shimoni ina magari machache, na jioni ni machache zaidi.